Mchezaji wa Kumi na Saba

Jerusha Kerubo aliingia katika nyumba ile ya Al Thumama mwezi wa Januari, cheti chake cha uuguzi kutoka Kisii kikiwa ndani ya bahasha ya plastiki, na kufikia Machi alikuwa ameshaijua timu nzima. Alijua nani alikoroma, nani hakuweza kumeza viazi vya kuchemsha, na nani alijifungia bafuni kupika dengu kwa jiko la spiriti ili mwenye hoteli asisikie harufu. Hakuwahi kumwona hata mmoja wao. Wengi walikuwa wamekufa zamani. Lakini Mzee Tufail, ambaye Kerubo aliajiriwa kumtunza, aliishi nao tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba.

Mzee huyo alikuwa ametimiza miaka themanini. Mwanawe, Bwana Khurram, mhandisi wa mifereji, alimtoa Karachi akamleta Doha mama yake alipofariki, maana ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshaanza kumla. Ulimla kwa namna ya ajabu. Ulichukua majina ya wajukuu, ukachukua kifo cha mkewe, ukachukua duka la vitambaa alilolisimamia miaka arubaini. Ukamwachia miezi mitano tu, ile ya ujana wake, miaka ya sitini, timu ya kriketi ya Pakistan ilipokwenda Uingereza naye akiwa mmoja wao.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Wachezaji kumi na saba walipanda ndege, naye jina lake lilikuwa la mwisho kwenye orodha. Walizunguka nchi nzima kwa basi, mji hadi mji, wakicheza na timu za majimbo kwa siku tatu tatu, na katikati ya safari kulikuwa na mechi zenyewe hasa, zile za Test, siku tano kila moja, nchi kwa nchi. Mzee Tufail alicheza mechi nne za majimbo katika baridi ya Mei iliyomkausha vidole hata asiweze kufunga vifungo vya shati. Katika Test hakuchaguliwa. Alibeba maji. Alibeba taulo. Aliwarushia wenzake mpira wa mazoezi hadi bega likavimba. Na kila wiki alimwandikia mama yake barua: huenda wiki ijayo, Mama, huenda wiki ijayo.

Mama yake hakuwa na redio. Kila siku ya mechi alikwenda kwa jirani akakaa sakafuni, akisubiri kusikia jina la mwanawe. Miezi mitano.

Jina hilo lilitajwa mara moja tu. Katika Test ya mwisho mwenzao mmoja aliumia mguu, na Tufail akaingia kumshikia nafasi uwanjani. Baada ya muda mfupi mpigaji wa Uingereza aliukata mpira vibaya, ukaja moja kwa moja kifuani pake, mpira ambao hata mtoto angeudaka na kumtoa mpigaji mchezoni. Ulimponyoka. Mpigaji yule alikuwa na alama kumi na moja. Alipotoka alikuwa na mia moja na arubaini. Ndipo mtangazaji akasema jina, na mama kule Karachi akalisikia.

"Mikono ilikuwa na baridi, binti," alimwambia Kerubo, akimwonyesha viganja. Walizungumza Kiingereza, chake kikiwa kile cha shule za zamani. "Unaona? Ilikuwa baridi tu."

"Naona, Mzee."

"Meneja anasema atanirudisha nyumbani kabla ya wengine."

"Hajasema hivyo."

"Kamuulize."

Mwanzoni Kerubo alikuwa akimsahihisha. Chuoni walifundishwa kumrejesha mgonjwa kwenye hali halisi, kwa upole. Siku moja alimweleza kwa upole kwamba yuko Qatar, kwamba mkewe amefariki, na mzee akalia kama aliyepata habari hiyo dakika ile ile. Baada ya saa moja aliuliza tena mkewe yuko wapi. Kerubo hakumjibu hivyo tena. Nyumba ikawa hoteli. Bwana Khurram akawa kapteni, na Kerubo mwenyewe siku nyingine alikuwa binti, siku nyingine akawa meneja, kulingana na mzee alivyoamka.

Kilichomshinda ni basi. Kila asubuhi mzee alivaa koti lake la kijani lenye nembo kifuani, akasimama mlangoni kuulizia basi la uwanjani. Ukimwambia hakuna basi, alipiga mlango kwa ngumi. Ukimwambia linakuja, alisimama pale hadi magoti yakatetemeka. Mwezi wa Juni ilifika wiki ambayo hakulala kabisa, na Kerubo hakulala pia. Alasiri moja, akiwa amechoka hadi maneno yanamtoka bila kuyapima, alimshika mkono akampandisha ghorofani hadi dirishani. Kule mbele, juu ya paa za nyumba, ulionekana uwanja wa mpira wa Al Thumama, mweupe, wa mviringo kama kofia.

"Ule pale uwanja, Mzee. Ni karibu. Hakuna haja ya basi."

Mzee aliutazama kwa muda mrefu. Uso wake ukalegea. Akaketi kwenye kiti, na siku hiyo hakuupiga mlango.

Tangu hapo ikawa ndiyo dawa. Kila siku alimkalisha dirishani na mzee akautazama uwanja kwa saa nzima, taulo mapajani, ametulia. Kerubo akapata muda wa kufua, wa kuoga, hata wa kuongea na mamake kule Nyamira. Hakumwambia mtu. Wala hakuona kama kuna la kumwambia mtu.

Ilikuwa Ijumaa ya katikati ya Julai. Bwana Khurram alikuwa ametoka mapema kuelekea msikiti wa mtaa mwingine, ambako rafiki yake alifiwa, na mkewe, Madam Rubina, aliwapeleka mabinti zake wawili kwa shangazi yao. Mlango mkubwa ulikuwa na komeo la juu lililowekwa makusudi kwa ajili ya mzee, asilifikie. Madam Rubina alitoka mikono imejaa mabakuli ya chakula, mtoto mmoja akilia, na komeo halikufungwa.

Kerubo aliketi pembeni ya mzee dirishani. Saa tano kasoro alikuwa bado anamsikia akihesabu kwa sauti ya chini majina ya timu. Alipofumbua macho ilikuwa saa tano na nusu, na kiti kilikuwa kitupu.

Aliita. Alitazama chooni, jikoni, chini ya vitanda. Kisha akaona msumari wa kutundikia koti la kijani hauna kitu. Aliposhuka ngazi alikuta mlango uko wazi na joto limeshaingia hadi katikati ya sebule.

Alitoka na ndala. Ronnie, Mganda aliyelinda geti la mtaa wao, alikuwa ameshakwenda swala, na kibanda chake kilikuwa kimefungwa. Barabara ilikuwa tupu kama inavyokuwa kila Ijumaa saa hiyo, magari yamefunikwa, maduka yamefungwa. Alikimbia hadi kwenye baqala, duka la vyakula la kona; limefungwa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akatazama kati ya magari, akapiga kelele jina la mzee hadi mwanamke mmoja akafungua dirisha na kulifunga tena. Akampigia Bwana Khurram. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, na tena, mara tisa.

Alirudi ndani akapanda ghorofani ili atazame mtaa wote kutoka juu. Akafika dirishani. Na uwanja ulikuwa pale, mweupe, mbele ya macho yake.

Alijua. Hakukisia, alijua, kama anavyojua jina lake, mzee amekwenda wapi na nani amemtuma.

Simu ikalia mkononi. Alikuwa Bwana Khurram, ametoka swala na kuona namba yake imerudiwa mara zote hizo.

"Sista, kuna nini?"

"Mzee ametoka, Bwana. Mlango haukufungwa komeo. Nimetafuta mtaa mzima."

Kisha sauti yake ikabadilika. "Tangu lini?"

"Labda nusu saa. Labda zaidi."

"Ya Allah. Kwenye joto hili? Sikiliza, nawapigia polisi. Naingia garini sasa hivi. Kuna mahali alipopataja? Alisema anakwenda wapi? Fikiri, Sista, neno lolote."

Kerubo aliutazama uwanja. Alifungua mdomo. Aliona polisi, aliona karatasi za kumrudisha kwao, aliona uso wa mamake, na zaidi ya hayo yote aliona uso wa mtu huyu akijua kwamba muuguzi aliyemwamini ndiye aliyemwonyesha babake njia.

"Hapana, Bwana," akasema. "Hakusema kitu."

"Basi naanzia njia ya uwanja wa ndege. Pengine amefuata ndege. Wewe baki hapo hapo asije akarudi."

Simu ikakatika. Gari la Bwana Khurram lingefika uwanjani kwa dakika tano au sita. Badala yake lilielekea upande mwingine, na Kerubo akatoka mbio kwa miguu. Nitamkuta njiani, alijiambia. Nitamrudisha, nitampa maji, na hakuna atakayejua.

Kutoka dirishani uwanja ulionekana karibu. Barabarani haukuwa karibu. Kulikuwa na mitaa ya nyumba zenye kuta ndefu, kisha kiwanja kitupu cha kokoto, kisha barabara kubwa ya magari. Jua lilikuwa utosini na kivuli cha kuta kilikuwa na upana wa unyayo. Alijibana humo, bega likikwaruzwa na ukuta. Ndala moja ilikatika kwenye kokoto. Aliendelea na moja, mguu mwingine ameufunga kwa mtandio. Kila alipoona kitu cheusi chini alidhani ni mzee amelala. Lilikuwa tairi. Ilikuwa mifuko ya saruji. Alikuwa akisali kwa Ekegusii, lugha ya kwao, na sala yenyewe ilikuwa neno moja tu, tafadhali, tafadhali. Wakati wote aliwaza lile koti: la sufu zito, lililoshonewa baridi ya Uingereza.

Simu ilikuwa mfukoni. Angeweza kuitoa dakika yoyote na kusema, Bwana, nenda uwanjani. Kila alipofika kona alijiambia kona inayofuata.

Ilimchukua dakika arubaini.

Kwenye uzio wa nje wa uwanja kulikuwa na kibanda cha mlinzi, na mlango wake ulikuwa umeachwa wazi. Ndani, mlinzi mrefu alikuwa amepiga magoti akimmwagia mtu maji shingoni. Koti la kijani lilikuwa limetupwa kando.

"Huyu ni wako?" mlinzi aliuliza kwa Kiingereza, kisha akamtazama vizuri akahamia Kiswahili. "Dada, wewe ni Mkenya? Huyu mzee ni wako?"

"Ni wangu. Anapumua?"

"Anapumua, lakini vibaya. Nimeshaita ambulensi, wamesema wako njiani. Naitwa Laban. Alikuja akishikilia uzio hivi, pole pole, amefunga vifungo vyote. Ananiuliza wachezaji wanaingilia geti gani. Nikadhani ni utani. Hata sijamjibu, akakaa chini."

Kerubo alikuwa tayari sakafuni. Ngozi ya mzee ilikuwa kavu, na ilichoma kama sufuria. Alimfungua shati, akamwambia Laban aelekeze kiyoyozi chini, alowanishe taulo, aweke kwapani, aweke kwenye mapaja. Mikono yake ilifanya kazi ilivyofundishwa huku moyo wake ukilia kivyake. Mzee akafumbua macho. Yalizunguka dari, yakazunguka kuta, yakafika usoni pake na kusimama.

"Bwana Meneja," alisema. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Usinirudishe nyumbani. Mikono yangu iko sawa leo."

"Hakuna anayekurudisha, Mzee. Umechaguliwa. Leo unacheza."

"Kweli?"

"Jina lako liko kwenye orodha. Nimeliona."

Midomo yake ilisogea kana kwamba anataka kumwambia mtu habari hiyo. Kisha macho yakapanda juu, mwili ukaanza kutetemeka, na hakusema tena.

Siku tisa alilala hospitalini na mirija puani. Siku ya tatu daktari alimweleza Bwana Khurram kwamba figo zilikuwa zimekufa kwa joto, na kwamba kwa mtu wa umri ule, nusu saa ni nyingi. Angepozwa nusu saa mapema, alisema, pengine tungezungumza mengine. Bwana Khurram alirudi nyumbani na maneno hayo, na hakuwa na mahali pa kuyatua ila kwa mkewe.

"Komeo moja," alisema jikoni, bila kupandisha sauti, jambo lililokuwa baya kuliko kelele. "Nilikuomba kitu kimoja ndani ya nyumba hii, Rubina. Komeo moja."

Kerubo alikuwa kwenye sinki, mgongo umewaelekea, akiosha kikombe kilichokuwa safi. Siku iliyofuata Madam Rubina hakula. Siku ya tano Kerubo alimkuta amesimama mlangoni peke yake, analifunga komeo na kulifungua, analifunga na kulifungua.

Laban alipiga simu kuulizia hali ya mzee, na Kerubo, kwa kuwa hakuwa na mwingine, alimwambia yote.

"Dada, nisikilize vizuri," Laban alisema. "Mambo ya dirisha na ile simu, weka chini kabisa. Hapa si nyumbani. Watakufungulia kesi, na hata wasipokufungulia, utapandishwa ndege kesho yake. Ukisema utamponya?"

"Simponyi."

"Basi nyamaza. Hata mimi ningenyamaza."

Akanyamaza. Jumapili alfajiri Mzee Tufail alifariki. Alizikwa siku ile ile baada ya swala ya alasiri, na wanaume waliporudi kutoka makaburini na mchanga kwenye viatu, Kerubo aliwapa chai, akipita katikati yao na sinia, akipewa pole na shukrani. Mzee mmoja wa Kipakistani, mwenye duka la simu, alimwambia kwamba Mungu atamlipa kwa wema aliomfanyia marehemu. Kerubo alikwenda jikoni akaiweka sinia chini.

Siku ya nne ya msiba, wageni walipokwisha, alimkuta Bwana Khurram mezani na mkewe, kila mmoja na sahani yake, hawazungumzi. Alikuwa amepanga aanze vipi. Alisahau yote.

"Bwana, sio komeo," alisema.

Wakamtazama wote wawili.

"Ni mimi niliyemwonyesha uwanja. Tangu Juni, kila siku, dirishani. Nilimwambia ndio uwanja wake ili atulie. Na siku ile uliponipigia, nilijua yuko wapi. Uliniuliza, nikasema sijui. Nilikwenda kwa miguu. Wewe ungefika kwa dakika tano."

Bwana Khurram aliweka kijiko chini. Alikiweka taratibu, akakinyoosha kando ya sahani.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Polisi?"

"Polisi. Na wewe."

"Mimi?" Alionekana kama mtu aliyepigwa na kitu asichokiona kikija. Alijitazama mikono. "Nimewahi kukufokea, Sista? Siku hata moja?"

"Hapana, Bwana."

Aliinuka, akaenda chumbani kwa babake, akafunga mlango, na ndani humo wakamsikia akilia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Madam Rubina alibaki ameketi. Kerubo alimgeukia.

"Siku kumi na tatu," Madam Rubina alisema. "Ulikuwa unaniona. Ulikuwa unapita hapo na vikombe, na unaniona."

"Nisamehe, Madam."

"Sijui." Alikusanya sahani zote mbili, zikiwa bado na chakula. "Kwa kweli sijui kama nitaweza."

Hakuna polisi aliyeitwa kwa ajili yake. Asubuhi Bwana Khurram alimwambia atamsainia karatasi za kuhamia kwa mwajiri mwingine, lakini hatamwandikia barua ya sifa, kwa sababu hajui aandike nini. Kerubo alishukuru. Kupitia kwa Laban alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya West Bay, mashuka na taulo, na kitanda kwenye nyumba ya kampuni. Kazi ya wazee hakutaka kuisikia.

Siku ya kuondoka alidhani ataitiwa teksi. Bwana Khurram alishuka mwenyewe na funguo, akatia sanduku lake nyuma ya gari. Walikwenda bila redio. Kwenye taa za barabara kuu gari lilisimama, na bado akitazama mbele, akauliza:

"Asubuhi ile, Baba alikula?"

"Alikula, Bwana. Mayai mawili na mkate. Chai akamaliza, akaomba nyingine."

"Mayai mawili."

"Ndiyo. Alikula vizuri siku hiyo."

Bwana Khurram aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayejaribu kulishika jambo lisimtoke. Taa ikawa kijani. Magari ya nyuma yakapiga honi, naye hakuondoka hadi yalipoanza kumpita. Mbele ya nyumba ya kampuni alitoa sanduku, akaliweka kivulini badala ya juani, akarudi garini. Kerubo alisimama pale hadi gari likakata kona, kisha akaliinua sanduku akaingia kutafuta kitanda chake.